UZI: Mkutano mkuu wa DFL Rochester wiki hii, nani anapita? (Minnesota 2018)

#1 Dereva wa Basi (Brooklyn Park), 28 Mei 2018

Wakuu, leo Memorial Day, shule zimefungwa, basi langu limelala na mimi nina mchana mzima wa kupiga domo. Ijumaa hii, tarehe 1 Juni, DFL wanaanza mkutano mkuu wa jimbo pale Mayo Civic Center, Rochester, mpaka Jumapili. Nami nitakuwepo. Msinicheke: si mjumbe kamili, ni mjumbe wa akiba. Maana yake nakaa nyuma na chupa yangu ya chai, nikimwombea mjumbe mwenye kiti apate dharura ndogo nyumbani kwake ili nipandishwe.

Kwa mlio Dar, Mombasa na kwingineko: DFL ndio Democratic wa huku Minnesota. Mwaka 1944 waliungana na chama cha wakulima na wafanyakazi, jina refu likabaki mpaka leo. Gavana Mark Dayton ana vipindi viwili na hataki cha tatu, ingawa sheria ya hapa haimkatazi. (Najua kuna mtu Dodoma amesoma sentensi hiyo mara mbili.)

Kwenye ugavana wamebaki watatu. Tim Walz, mbunge wa Kongresi, zamani mwalimu na kocha wa mpira wa Kimarekani pale Mankato. Erin Murphy, nesi, aliwahi kuongoza wabunge wa chama chake walipokuwa wengi kwenye bunge la jimbo. Rebecca Otto, Mkaguzi wa Jimbo tangu 2007. Kwenye vikao vya mashina vya tarehe 6 Februari, kura ya kupima upepo ilimpa Walz karibu asilimia 30, Otto wa pili, Murphy wa tatu. Chris Coleman, aliyekuwa meya wa St. Paul, alisoma namba akajitoa. Paul Thissen naye alijitoa, Dayton akamteua jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Wengine wakikosa siasa wanapata joho, sisi tunapata presha.

Ubashiri wangu: Walz anachukua muhuri raundi ya tatu. Otto ataondoka wa kwanza.

Mwanasheria Mkuu sina hata haja ya kujadili. Lori Swanson yupo ofisini tangu 2007, na Februari hii ameibana kampuni ya 3M ikatoa dola milioni 850 kwa ajili ya kemikali zilizoingia kwenye maji ya visima mashariki ya St. Paul. Anayempinga ni kijana mwanasheria anaitwa Matt Pelikan. Simjui, jirani yangu hamjui, mke wangu ambaye anajua kila mtu hamjui. Swanson anashinda raundi ya kwanza, watu hata hawatanyanyuka vitini. Akishindwa nachinja mbuzi.

Karibuni.

#2 Mzee wa Kolomije

Mleta mada, hebu fafanua kwanza. Huo "muhuri" ndio kuteuliwa kugombea au ni nini? Maana kwetu Kamati Kuu ikikata jina, limekatwa, unarudi kijijini kulima.

#3 Dereva wa Basi

Mzee shikamoo. Hapo ndipo utamu ulipo. Muhuri wa mkutano ni baraka tu, si tiketi. Mgombea anatakiwa apate asilimia 60 ya wajumbe. Akipata, chama kinampa nguvu yake: orodha za wapiga kura, watu wa kugonga milango, jina lake kwenye vipeperushi vya chama. Lakini sheria ya jimbo haiyatambui hayo. Mwenye kukosa anaweza kwenda kuchukua fomu na kupambana kwenye kura za mchujo tarehe 14 Agosti, ambapo hupigiwi kura na wajumbe, unapigiwa na wananchi. Na dirisha la fomu linafungwa tarehe 5 Juni, siku mbili tu baada ya mkutano kuisha. Kwa hiyo kuna siku mbili za watu kununiana na kubadili mawazo.

#4 Mzee wa Kolomije

Marahaba. Sasa kama si tiketi, mnatumia siku tatu na pesa ya hoteli kwa ajili ya nini?

#5 NesiWaUsiku (Rochester)

Mzee umeuliza swali ambalo hata wenyewe wanalikwepa, hihihi.

Dereva, mbuzi nimempokea. Nasema Swanson HAPITI raundi ya kwanza. Sina sababu kubwa, ila wiki iliyopita wenzangu watatu walio wajumbe walikuwa wanazungumza chumba cha chai, na nilichosikia ni Murphy, Murphy, Walz, Murphy. Jina la Swanson halikutajwa kwa wema wala kwa ubaya. Mtu ambaye hatajwi kabisa simwekei dau la mbuzi.

Na hapo kwa Murphy umeteleza. Huyo ni nesi mwenzetu, chama cha manesi cha Minnesota kimemuunga mkono. Hesabu manesi wa Kiafrika walioko Brooklyn Park, Brooklyn Center na hapa Rochester, halafu hesabu wangapi wana uraia. Wewe unahesabu walimu tu.

#6 Jirani wa Coon Rapids

Walz ana shida ya bunduki. Chama cha wenye silaha, NRA, kilimpa alama nzuri miaka mingi akiwa mbunge wa mashambani. Sasa baada ya mauaji ya risasi ya Las Vegas na Parkland amegeuka, pesa zao ametoa kwa misaada. Wajumbe ni watu wa kukumbuka. Mwananchi wa kawaida husahau, lakini mtu aliyekubali kukaa ukumbini wikendi tatu tangu Februari hajasahau kitu.

#7 Mwana wa Kisauni

Dereva yakhe, wewe huo ujumbe wa akiba uliupataje? Mana nnavyokujua hata mkutano wa harambee ulikuwa ukifika watu washakula.

#8 Dereva wa Basi

Hahaha, mwanangu acha fitina. Ngoja nikusimulie.

Kikao cha shina kilikuwa darasani, watu kama thelathini, nikajitolea kwa kuwa hakuna aliyetaka. Hiyo ilikuwa rahisi. Shughuli ilikuwa mkutano wa wilaya ya seneti, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Kuna utaratibu wao wa kugawana wajumbe kwa kutembea. Mtu anasimama anapaza sauti jina la kundi: "Murphy na afya!" "Walz na elimu!" "Sijaamua!" Kila kundi linapewa sehemu ya ukuta, jina linabandikwa kwa gundi ya karatasi, na watu wanatembea kwenda wanakotaka. Kisha filimbi. Mnahesabiwa. Kundi lisilofikisha idadi linavunjwa, na watu wake wanaanza kuzurura katikati ya uwanja huku kila upande ukiwaita kama makonda wa Mbagala.

Sisi tulisimama chini ya kikapu cha mpira, kundi letu "Wahamiaji na elimu". Tulikuwa 11. Ilitakiwa 12. Nikamwona babu mmoja mzungu amesimama peke yake na donati, kundi lake la mambo ya mazingira limevunjwa, hajui aende wapi. Nikamwendea nikamwambia, babu, watoto wetu nao wanakunywa maji ya ziwa hili hili. Akaniangalia, akatafuna, akaja. Tukapata mjumbe mmoja kamili na mmoja wa akiba. Mjumbe kamili akawa babu.

#9 Mwana wa Kisauni

Babu??? 😂😂 Umemtongoza mwenyewe akaja kukupiku!

#10 Kiroboto

Huu ndio uzi bora mwaka huu. Nimekaa pale.

#11 Mzee wa Kolomije

Nina jingine. Nimesoma orodha ya nafasi, nimeona Katibu wa Jimbo ndiye msimamizi wa uchaguzi. Naye anagombea kwa chama? Yaani refa amevaa jezi? Na mnalala usingizi?

#12 Jirani wa Coon Rapids

Mzee, mimi nimetoka Kenya, nilipoyaona hayo nilikaribia kurudi uwanja wa ndege. Steve Simon ndiye Katibu tangu 2015, ni DFL, na mkutano utampitisha bila jasho. Lakini kura zenyewe zinahesabiwa na kaunti na miji, si ofisi yake. Na mambo yakibanana kuna bodi: mwaka 2008 Al Franken na Norm Coleman walipokaribiana, Katibu wa wakati huo alikuwa DFL, lakini alikaa mezani na majaji wanne, karatasi moja moja inanyanyuliwa hadharani, mawakili wa pande zote wanaitazama. Miezi minane ikapita ndipo Franken akaingia Seneti. Alishinda kwa kura 312. Mia tatu na kumi na mbili, kati ya karibu milioni tatu. Hakuna aliyetupa jiwe.

Chama changu cha nyumbani, nisikitaje, uteuzi wa Aprili 2017 nilikuwa likizo, nikampeleka mama alfajiri. Karatasi za kura zilifika saa kumi jioni na zilikuwa za wadi nyingine.

#13 Dereva wa Basi

Na huyo huyo Franken ndiye katupa kazi ya ziada. Alijiuzulu Januari, Tina Smith akateuliwa kushika nafasi, kwa hiyo mwaka huu viti vyote viwili vya Seneti viko mezani: Amy Klobuchar na Smith. Klobuchar sioni wa kumgusa. Smith anapingwa na Richard Painter, aliyekuwa mwanasheria wa maadili Ikulu ya Bush. Republican wa juzi anakuja kuomba kura kwa wajumbe wa DFL! Nimeweka popkoni tayari.

#14 Bukavu_GR

Jambo bandugu. Mimi niko Grand Rapids, Michigan. Ngoja niwapashe kitu. Huku kwetu mambo iko tofauti: gavana anachaguliwa na watu wote mwezi wa nane, lakini Mwanasheria Mkuu na Katibu wa Jimbo, mukutano wa chama njo inawachagua, hakuna mchujo. Mwezi wa ine tarehe 15 tulikuwa Detroit. Kila mutu alikuwa anasema Pat Miles amekwisha kupita: alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali wakati wa Obama, na UAW, ile sendika kubwa ya bafanyakazi ba magari, ilikuwa nyuma yake. Dana Nessel, ule avoka wa kesi ya ndoa ya wale bamama wawili, walisema ana kelele tu. Balikuja watu maelfu, bengine walijiandikisha ndani ya chama juu yake tu, na bale ba bangi nao balikuja. Nessel akashinda.

Sendika haina mikono ya kupiga kura ukumbini. Dereva, tafuta mbuzi mapema.

#15 Dereva wa Basi

Mkuu, Michigan ni Michigan. Miles hakuwa ofisini. Swanson yuko ofisini miaka 11. Mbuzi wangu yuko salama, anakula majani.

#16 MkaguziMstaafu

Wote mnazungumzia jikoni kuu, niruhusuni niongelee stoo. Nafasi ya Mkaguzi wa Jimbo iko wazi kwa sababu Otto ameiacha, na ndiyo ninayoifuatilia mimi kwa sababu nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote nyumbani. Tofauti na CAG wetu, huyu anachaguliwa na wananchi, na kazi yake kubwa ni vitabu vya kaunti, miji na shule. Mwaka 2015 bunge lilipitisha sheria kaunti ziruhusiwe kukodi wakaguzi binafsi. Otto akaenda mahakamani, na mwezi uliopita Mahakama ya Juu ikamwambia hapana. Yaani amepoteza kesi ya uhai wa ofisi yake wiki sita kabla ya kwenda kuomba kupandishwa cheo. Wajumbe hawatalisema hilo, ila mimi nisingependa kuingia ukumbini nikiwa nalo mgongoni.

Halafu kuna kaskazini. Mkaguzi hukaa kwenye baraza linaloidhinisha vibali vya kutafuta madini, na mwaka 2013 Otto alikataa vibali vya shaba na nikeli. Wanamazingira wa Minneapolis wanampenda kwa hilo. Wachimbaji wa Iron Range, ambao ni DFL wa baba na babu, hawajamsamehe. Ndiyo maana akitoka, kura zake hazitakwenda kwa Walz. Zitakwenda kwa Murphy. Andikeni.

Kwenye nafasi yenyewe ya ukaguzi naona Julie Blaha, mwalimu wa hisabati aliyepanda kupitia vyama vya wafanyakazi. Angalau anajua kujumlisha.

#17 Kiroboto

MkaguziMstaafu katoa elimu bure hapa. Shule ya uzeeni.

#18 NesiWaUsiku

Swali la kizushi: tuseme Murphy anapata muhuri. Walz anakubali kukaa pembeni?

#19 MkaguziMstaafu

Akikaa pembeni atakuwa hajasoma historia ya chama chake. Mara ya mwisho mtu asiye gavana kupata muhuri wa DFL kisha akashinda ugavana ilikuwa 1970, Wendell Anderson. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Tabora.

1982 muhuri ulikwenda kwa Warren Spannaus, Rudy Perpich akampiga kwenye mchujo na akawa gavana. 1998 ulikwenda kwa Mike Freeman, akapigwa na mtoto wa Hubert Humphrey, yule makamu wa rais wa zamani, naye Humphrey mdogo akaenda kupigwa na Jesse Ventura. Mwanamieleka! 2010 mkutano wa Duluth ulimpa Margaret Anderson Kelliher; Dayton hata hakuomba, akamsubiri kwenye mchujo, akamshinda kwa nywele, na ndiye gavana mnayemuaga. Muhuri huu ni kama hirizi iliyofungwa kinyume.

#20 Mzee wa Kolomije

Sasa nimeelewa. Kwa hiyo Dereva unakwenda Rochester kumloga mtu unayempenda.

#21 Dereva wa Basi, kutoka ukumbini

Naandika kwa simu, betri asilimia 9. Ukumbi umejaa mabango ya vijiti, mtu nyuma yangu kanichoma sikio mara mbili. Babu wa donati ana kiti safu ya mbele na amelala. Mimi bado niko kwa watu wa akiba.

#22 Dereva wa Basi, kutoka ukumbini

Jamani.

#23 NesiWaUsiku

Nini?

#24 Dereva wa Basi, kutoka ukumbini

Swanson 52. Pelikan 47.

Kajitoa.

#25 NesiWaUsiku

MBUZIIIIIIII

#26 Bukavu_GR

Nilisema mimi.

#27 Dereva wa Basi, 3 Juni 2018

Nimerudi nyumbani, nimelala saa kumi, sasa nitoe mrejesho.

Swanson kwanza, maana ndiyo aibu yangu. Nilichokiona kwa macho ni hiki: upande wa Pelikan walikuwa na watu wanaotembea kati ya viti, wanajua majina, wanakuinamia sikioni. Pelikan aliposema jukwaani alimpiga Swanson bila huruma, kwamba hakuwa mbele vya kutosha kwenye mambo yanayowachoma wajumbe, bunduki yakiwemo. Ukumbi ukaitika. Nilimuuliza mama mmoja wa Bloomington kwa nini kampigia kijana, akaniambia hana ugomvi na Swanson, ila hajawahi kuombwa kura naye. Basi. Matokeo yalipotajwa, aliyeongoza ndiye aliyeonekana ameshindwa. Hakusubiri raundi ya pili. Akajitoa, Pelikan akabaki peke yake na muhuri akapewa.

Ugavana ulikwenda raundi kwa raundi, Walz na Murphy wanapumuliana kisogoni. Kisha Otto akajitoa na akasema watu wake waende kwa Murphy, kama alivyotabiri mzee wetu #16. (Mzee, una namba za bahati nasibu?) Hapo mabango yakaanza kuhama. Hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye televisheni: bango la Otto linashushwa chini ya kiti, mtu anavaa fulana ya Murphy juu ya fulana ya Otto, rangi ya chini inaonekana shingoni. Babu wa donati aliondoka jioni, mgongo unamuuma, nikapandishwa. Nilipiga kura yangu ya kwanza Marekani ambayo niliona kama inahesabika. Sitasema kwa nani. Murphy akachukua muhuri.

Blaha kapita ukaguzi. Simon kapita. Klobuchar na Smith wamepita, Painter hakuwatisha.

#28 NesiWaUsiku

Mrejesho mzuri. Mbuzi lini?

#29 Dereva wa Basi

Dada, turudi kwenye maneno. Niliandika "Swanson anashinda raundi ya kwanza". Raundi ya kwanza alipata 52, mwenzake 47. Nani mkubwa hapo?

#30 NesiWaUsiku

Ulimweleza Mzee wa Kolomije kwa kidole chako mwenyewe, #3, kwamba inatakiwa 60. Usinitie presha, nina zamu.

#31 Mzee wa Kolomije

Kama jaji wa dharura: mbuzi anadaiwa.

#32 Jirani wa Coon Rapids, 4 Juni 2018

Wakati mnagombania mbuzi, Swanson ametangaza anagombea UGAVANA. Mgombea mwenza Rick Nolan, mbunge wa Kongresi wa kaskazini aliyekwisha kutangaza anastaafu. Na Walz yuko kwenye mchujo. Kwa hiyo Agosti ni Murphy, Walz na Swanson. Ule mkutano wa kuunganisha chama umezaa watatu badala ya mmoja.

#33 Mwana wa Kisauni, 5 Juni 2018

Siku ya mwisho ya fomu, kaeni chini. Keith Ellison ameacha kiti chake cha Kongresi cha Minneapolis, anataka Mwanasheria Mkuu! Mwislamu wa kwanza kuingia Kongresi, naibu mwenyekiti wa chama kitaifa, anashuka kuja kugombania ile ofisi ambayo Dereva alisema haina haja ya kujadiliwa. Kiti chake kimeshapata wakimbiliaji, akiwemo Ilhan Omar wa bunge la jimbo. Huyo mtoto wa Kisomali utotoni kapita kambi ya Utange, hapa hapa kwetu Mombasa. Nyinyi mnahesabu wajumbe wa Rochester, hakuna hata mmoja aliyebashiri hili.

#34 MkaguziMstaafu

Mimi pia sikubashiri. Nakiri.

#35 NesiWaUsiku, 15 Agosti 2018

Matokeo ya jana kwa wasiofuatilia: Walz karibu 42, Murphy 32, Swanson chini kidogo ya 25. Nimesikitika kwa ajili ya nesi mwenzangu, sitaficha. Ellison kachukua kama nusu ya kura kwenye Mwanasheria Mkuu, na Pelikan mwenye muhuri hakuwa hata wa pili. Republican nao hivyo hivyo kichwa chini: Tim Pawlenty, gavana wa miaka minane, aliukwepa mkutano wao wa Duluth, akapigwa na Jeff Johnson aliyepewa muhuri. Kwa hiyo hirizi ya mzee inafanya kazi kwa DFL tu.

Dereva, mbuzi miezi miwili na nusu sasa.

#36 Dereva wa Basi

Shule zinafunguliwa, nina maandalizi.

#37 Kiroboto, 22 Julai 2020

Nimeufukua huu uzi kwa makusudi. Huku nyumbani kura za maoni za CCM ndiyo zimemalizika juzi na mtaani kila mtu anasema "wajumbe si watu". Nikakumbuka Swanson. Kumbe ugonjwa ni wa dunia nzima.

#38 Jirani wa Coon Rapids

Na soma tena #1 ukiwa umekaa. "Mwanasheria Mkuu sina hata haja ya kujadili." Tarehe 25 Mei George Floyd ameuawa Minneapolis, tarehe 31 Walz amemkabidhi Ellison kesi yote. Ofisi tuliyoipita kwa mistari minne na mbuzi ndiyo inayotazamwa na dunia sasa hivi. Ninaishi dakika ishirini kutoka ile kona. Wiki ile ya kwanza moshi ulikuwa unaingia mpaka jikoni.

#39 Dereva wa Basi

Nimesoma. Sina la kuongeza. Wiki ile basi langu halikubeba wanafunzi, lilibeba vyakula. Maduka ya Lake Street yalikuwa yameungua, akina mama wanapanga foleni ya unga na nepi.

#40 Mzee wa Kolomije

Poleni sana wanangu.

#41 Mwana wa Kisauni, 6 Agosti 2024

Hodi hodi. Kamala Harris kamteua Tim Walz leo kuwa mgombea mwenza. Yule kocha wenu aliyekataliwa na wajumbe Rochester! Nimekimbilia uzi huu mbio.

#42 MkaguziMstaafu

Kuna watu ukumbini siku ile walivua fulana zake. Najiuliza leo wanazitafuta kabatini.

#43 Bukavu_GR

Na Nessel wetu iko kwenye kipindi cha pili. Mimi nilisema.

#44 NesiWaUsiku

Wote mmesema vizuri. Mimi nina jambo moja tu. Miaka sita. Nimeshabadilisha hospitali mbili, mtoto wangu wa kwanza ameanza darasa la kwanza, Walz anaelekea Washington. Mbuzi wangu yuko wapi?

#45 Dereva wa Basi

Dada, 52 ni kubwa kuliko 47.

#46 Mzee wa Kolomije

Mwanangu, chinja.

#47 Dereva wa Basi

Jumamosi ijayo, bustani ya Brooklyn Park, kuanzia saa nane. Njooni na vinywaji wenyewe. Babu wa donati nimemwalika, amesema atakuja kama kutakuwa na kiti.